Ondoa Namba ya Simu

Dalili ya kwanza ni anga. Umepewa kazi ya kibao cha kinyozi pale Nyasho, Musoma: kichwa kimoja, mashine moja, bei tatu na namba ya simu. Kichwa unakimaliza kabla ya chai. Halafu saa nane mchana unajikuta bado unahangaika na sehemu iliyo nyuma ya kichwa. Unachanganya bluu na kijivu, unafuta kwa tambara, unachanganya tena, kwa sababu ukiinua macho juu ya paa la saluni unaona ziwa na mbingu vimeshikana na mstari wa kuvitenganisha haupo. Mwenye saluni anatoka, anatazama, anauliza: "Fundi, sasa hewa yote hii ya nini?"

Ukiulizwa swali hilo mara tatu ndani ya mwezi mmoja, mwongozo huu ni wako.

Nawaandikia watu ambao mikono yao imeisomesha Musoma, Bunda na Butiama bila wao kuitwa walimu. Mtoto wa Bweri, kabla hajafungua kitabu, ameshajua kusoma CHIPSI KUKU, na aliyemfundisha ni wewe uliyeiandika kwa nyekundu yenye kivuli cha njano. Sasa mashine ya kuchapa mabango imeingia mjini. Inatoa kichwa cha kinyozi kwa dakika chache, na kichwa chenyewe ni cha kijana wa Marekani ambaye hajawahi kukalia kiti cha Nyasho hata siku moja. Inauma, na mimi inaniuma pamoja nawe. Lakini mashine imechukua herufi na vichwa. Ile hewa haijaigusa, maana hakuna mteja anayeilipia. Hiyo imebaki mikononi mwako, na kazi inaanzia hapo.

Tafuta kibao chako cha zamani, kile ambacho mteja alikikataa au hakumalizia kulipa. Kila fundi anacho kimoja uvunguni. Kisimamishe nje, palepale unapofanyia kazi siku zote, usijifiche. Jumatatu, ondoa namba ya simu. Usiifute ovyo: changanya rangi iliyo nyuma yake na uifunike kwa uangalifu uleule uliotumia kuiandika. Jumanne, ondoa bei. Jumatano, mkasi na mashine ya kunyolea. Alhamisi, na hapa moyo utadunda, ondoa jina la biashara. Mwendesha bodaboda atapunguza mwendo aulize kama saluni imefungwa. Mjibu kwa heshima kwamba saluni ipo, kibao tu ndicho kinapumzika. Ijumaa, ondoa kichwa.

Jumamosi usiguse kitu. Chukua kigoda, kaa mbele yake, kitazame mpaka jua lihame. Zimebaki rangi tano au sita zilizokaa pale vilipokuwa vitu, na bado unapajua mahali penyewe: bati lililopauka, vumbi la barabara, kipande cha ziwa kati ya nyumba mbili. Mandhari ni sura ya nchi. Ikiwa dhahania, hukuchora miti yake mmoja mmoja wala kuhesabu nyumba zake. Umechora uzito wake, umbali wake na joto lake. Mtu anaweza asiuone mlima popote kwenye picha yako na bado akahisi miguu imechoka kwa kuupanda. Wapo waliofika hapo kwa kusoma vitabu vizito. Wewe umefika kwa siku tano za kufuta.

Na usidhani wewe ndiwe wa kwanza kupita njia hii ya herufi. Ibrahim El-Salahi wa Sudan, mzaliwa wa Omdurman mwaka 1930, alijifunza kuandika akiwa mtoto mdogo kwenye chuo cha Kurani cha baba yake. Akaenda London kusoma uchoraji katika chuo cha sanaa cha Slade, akarudi nyumbani mwaka 1957, akatundika kazi zake Khartoum. Siku ya ufunguzi watu walikuja. Baada ya siku hiyo hawakurudi. Angeweza kuwalaumu watu wake kwamba hawana macho, kama wasanii wengi wanavyofanya mpaka leo. Yeye alizunguka nchi akitazama wanaweka nini kwenye kuta na vyombo vyao, akakuta maandishi na nakshi. Basi akaanza kuandika herufi ndogo kwenye pembe za picha, na watu wakasogea ili wasome. Walipokwisha kusogea akazivunja herufi zenyewe, akazifungua matumbo, na ndani akakuta nyuso, wanyama na mimea. Mwaka 2013 Tate Modern ya London ilimwandalia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake. Uzeeni amekuwa akirudia kuchora mti wa haraza, mgunga wa kingo za Nile, kwa mistari iliyosimama wima, na ndani ya mistari ile ukitulia unauona mto.

Kwa hiyo usizitupe herufi zako. Chukua ile S yako nene ambayo mji mzima unaijua. Ilaze ubavu. Sasa ni ufukwe wa Musoma: hapa ziwa linaingia, pale rasi inatoka. Chukua M mbili za MAMA NTILIE, ziongeze unene mpaka zikose nafasi katikati: ni mawe ya Matvilla, yale yaliyopandana majini kana kwamba kuna mtu aliyapanga, akaitwa kula, hakurudi. Mkono uliozungusha S elfu kumi hauhitaji kufundishwa kuzungusha ghuba.

Sasa kitambaa, na hapa nitakaa kidogo, maana kazi nyingi nzuri za mikoani zimekufa kwa kitambaa kibaya.

Nenda duka la vitambaa uombe marekani nzito. Jina hilo limetoka mbali: katika karne ya 19 meli za Salem, mji wa Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, watu wakakiita kwa nchi ya wenye meli, kikasafiri na misafara hadi bara kikitumika kama fedha. Sisi tulio bara tumekijua kitambaa hiki muda mrefu. Na Bunda inalima pamba. Ukichora shamba la Bunda juu ya kitambaa cha pamba, shamba na kitambaa ni ndugu. Kama marekani imekushinda bei, kumbuka Lubumbashi. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya Kongo kwa picha zaidi ya mia moja juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akaieleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili, naye mwanaanthropolojia Johannes Fabian akairekodi. Ila magunia yale yalikuwa ya pamba. Kiroba cha plastiki cha siku hizi kiache kiendelee kubeba mahindi, rangi haikishiki.

Mwambie seremala akupe mbao kavu za inchi mbili kwa moja. Kavu kabisa. Mbao mbichi itajipinda mwezi wa pili na picha yako ya machweo itakuwa inakutazama kwa jicho moja. Ukingo wa ndani upigwe randa uteremke, ili kitambaa kisiegemee mbao na kuacha alama. Anza kupigilia katikati ya kila upande ndipo uende kwenye pembe. Ukianzia pembeni utavuna mikunjo. Kikivutika vizuri, kipige kwa kidole: kikilia kama kangoma, tayari. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, iache ikauke, kisha rangi nyeupe ya maji mara mbili, na msasa laini katikati.

Usiruke hatua hiyo hata kama mkono unawasha. Rangi ya mafuta ikigusa kitambaa kitupu hukila polepole, na baada ya miaka nyuzi hukatika kama majani makavu ya mgomba. Shika pia mpangilio: maji chini, mafuta juu. Ukiugeuza, ukapaka rangi ya maji juu ya mafuta yanayong'aa, itabanduka magamba magamba, na hakuna gundi ya kuirudisha. Tena usilambe ncha ya brashi ili ikae sawa, najua wengi mnafanya. Rangi nyingine za mafuta zina risasi ndani yake.

Watakuja watu kukuambia kwamba rangi ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya kupakia mageti, haifai kwa sanaa. Waambie juu ya Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Oysterbay, Dar es Salaam, mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu ya kuchora, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Rangi ya geti inatosha. Kinachotakiwa ni kujua tabia yake, na tabia hiyo unaijua kuliko mtu yeyote aliyekaa darasani, kwa sababu umezitazama kazi zako zikizeeka barabarani. Pita Barabara ya Mukendo uangalie vibao vya miaka mitano iliyopita vinavyopigwa na jua la mchana. Nyekundu nyingi zimeshaondoka. Samaki aliyekuwa mwekundu amekuwa waridi, kisha mzimu. Bluu imebaki, nyeusi imebaki.

Kama unataka nyekundu isiyokukimbia, ichimbe. Njia ya kwenda Butiama imepita kwenye udongo mwekundu. Jaza kopo moja. Loweka kwenye ndoo, koroga, subiri mchanga uzame, mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine. Yakitulia, mwaga maji ya juu, anika tope, lisage kwa chupa, lichekeche kwa kitambaa, kisha uchanganye na gundi nyeupe iliyozimuliwa. Wekundu huo ni kutu ya chuma, na kutu imeshachomwa na jua miaka yote iliyowezekana. Haina tena cha kupoteza. Ni rangi ya maji hiyo, kwa hiyo inakaa chini, mafuta yanafuata.

Kwa udongo wa namna hiyo watu wa kanda hii walichora kabla hakujawa na duka. Kwenye kisiwa cha Mfangano, ndani ya ziwa letu hilihili upande wa Kenya, mwambani ipo miduara ndani ya miduara, nyekundu na nyeupe. Nyero, Uganda, iko miduara pia. Moru, ndani ya Serengeti inayoanzia mlangoni kwa watu wa Bunda, Wamasai walichora ngao na alama zao juu ya miamba. Hakuna aliyeandika chini ya miduara ile maana yake wala namba ya kupigia. Naisisitiza sehemu hii kwa sababu utakutana na msomi mmoja mwenye miwani atakayesema uchoraji dhahania ni mambo ya Wazungu. Kandinsky na wenzake walipoanza kuachana na sura za vitu huko Ulaya, kwenye miaka ya 1910, miduara ya Mfangano ilikuwa imeshakaa mwambani karne kwa karne. Mkaribishe msomi chai, kisha mwonyeshe ziwa liko upande gani.

Sasa toka nje.

Anza na Bunda, kwa sababu Bunda haina huruma. Ukisimama mlima Balili unaiona Ghuba ya Speke upande mmoja na tambarare za Serengeti upande mwingine, na kati yake karibu hakuna kitu cha kushika. Mchora vibao hapo anapata hofu: nafasi yote hii, na hakuna jina la kuandika. Usikimbilie kuweka twiga. Gawanya turubai lako mara tatu kwa mistari ya kulala na uamue ni kipi kizito, anga, maji au ardhi. Kila siku uzito unahama. Mwezi Machi mvua zikianza ni anga. Agosti ni ardhi, imekauka na kugeuka rangi ya mkate. Rudia mlima huohuo. Etel Adnan, mzaliwa wa Beirut, alikaa California akamchora jirani yake Mlima Tamalpais kwa miaka mingi, picha ndogo ndogo, rangi ikipakwa kwa kisu. Nawe kisu cha kusiliba puti unacho. Kipake rangi mara moja, vuta, inua mkono. Mlima usichukue muda kuliko kichwa cha kinyozi.

Musoma ngoja jioni, kwa kuwa tuko ufukwe wa mashariki na jua linazamia majini. Lakini machweo kila mtu anayaona, hata simu inayaona. Kaa kidogo yapite. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa dagaa wanasukuma mitumbwi na taa zao, na mbele ya Mwigobero unatokea mji wa pili juu ya maji, mstari wa nuru unaopumua. Mwezi ukijaa mji huo unafutika wote, maana dagaa hawaifuati taa kukiwa na mbalamwezi. Nimekaa pale usiku mwingi na sijachoka kuutazama. Namna ya kuuchora: paka nyeusi, juu yake bluu nyembamba, juu yake nyeusi tena, halafu kwa msasa kwangua madoa mpaka rangi nyeupe ya chini ijitokeze. Nuru iwe ile uliyoifukia mwenyewe, usiipake juu. Asubuhi yake nenda walikoanika. Dagaa waliotandazwa mchangani ni fedha ambayo duka la rangi haliuzi. Jaribu kijivu kimoja chenye chembe ya kijani, utaikaribia. Na siku ukiona nguzo za moshi zikisimama katikati ya ziwa pasipo moto, ni wadudu wadogo wa majini wameinuka kwa mamilioni. Chora upesi. Upepo ukigeuka wataingia kwenye rangi mbichi na kuwa sehemu ya kazi.

Butiama nenda mara ya mwisho, na nenda taratibu. Mwitongo kuna mawe makubwa, miti, na kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa hapo mwaka 1922 na kurudishwa hapo Oktoba 1999. Sura yake umeshaichora mara ngapi kwenye kuta za shule, na kila mara mwalimu mkuu anasema masharubu hayajakaa sawa? Safari hii usimchore. Mpe kisogo kaburi kwa adabu, utazame kule ambako yeye alikuwa akitazama, shamba alilorudi kulilima baada ya kung'atuka mwaka 1985. Neno hilo amelitoa kwao, kwa Wazanaki, akaligawia taifa. Libebe kwenye kazi yako: jina la duka, bei, sura ya mkubwa, vyote vimeng'atuka kwenye kitambaa, na hakuna kilichofukuzwa.

Ukiwa pale atatokea bibi na mkongojo. Msalimie kwanza, brashi chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unachora nini?"

"Nachora hapa, bibi."

Ataitazama picha, atatazama bonde, ataitazama picha tena. "Ng'ombe wako wapi?"

Swali hilo lina haki yake yote. Nchi bila ng'ombe, kwa bibi huyu, ni nchi iliyopata msiba. Usimwambie kwamba hajaelewa sanaa. Mwonyeshe ule mkwaruzo wa kahawia unaokata picha kutoka chini kushoto, umwambie: hapa wamepita asubuhi, bibi, hili ni vumbi lao. Akikubali, picha imesimama. Akikataa, rudi kwenye mkwaruzo, maana huenda kweli hukuwasikia wakipita. Mimi nina imani na jicho la bibi huyo kuliko majarida yote ya sanaa niliyowahi kusoma, kwa kuwa anakijua unachokichora na hana sababu ya kukuonea aibu.

Kuhusu pesa nitasema machache. Usifunge kazi ya vibao. Mwenye nyumba hapokei machweo kama kodi, na mama wa saluni ni mteja wako wa miaka. Gawanya wiki, siku za mtaa na siku za kitambaa, na brashi zake zitenganishe. Picha zikifika kumi zinazosemezana, tafuta ukuta: hoteli ya Musoma, ukumbi wa Bunda, au Nafasi Art Space kule Mikocheni, Dar es Salaam, ambayo tangu 2008 imekuwa ikiwapa wasanii mahali pa kufanyia kazi na kuonyesha. Ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi. Ng'oa vitambaa kwenye fremu, vizungushe juu ya bomba pana la plastiki, upande wa rangi ukiwa nje; ukiuweka ndani rangi itabanwa na kupata nyufa. Bomba likae na wewe, lisiende buti. Kule chini kuna magunia ya dagaa, na dagaa wameshachorwa.

Kabla ya kuvingirisha, geuza kila kitambaa. Nyuma, juu ya marekani ambayo haijapakwa kitu, andika jina la mahali uliposimama, mwezi na saa: Balili, Agosti, saa kumi na moja jioni. Andika kwa mwandiko wako bora, ule wenye kivuli upande wa kulia, uliowafundisha watoto wa Bweri kusoma. Chini yake weka namba ya simu.